Mashindano ya poka kwa Excel: watu 16, meza mbili, mshindi mmoja

Haya jamani, karibuni tena. Leo hakuna kugawa karata, leo ni kompyuta. Mnaokuja kuchukua seti za chipu, zile sarafu za kuchezea poka, mnaniuliza swali lilelile: "Dada, tukiwa wengi tunahesabuje?" Maana mkiwa watano mnakumbuka kichwani. Mkifika 16, meza mbili, saa nne usiku, kila mtu ana hesabu yake na kila hesabu inampendelea mwenyewe.

Programu za kulipia zipo, zinapanga meza, zina saa, zina kila kitu. Kwa sebuleni Excel inatosha. Na sebuleni maana yake hatuweki pesa. Sisi tunagombea kikombe na maneno ya kutambiana. Ukitaka kuchezesha kwa pesa hapa Tanzania, kaone Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kuhusu leseni, usinitaje mimi.

Ukurasa mpya. Kolamu A majina, B namba ya meza, C nafasi aliyotokea, D pointi. Mstari wa kwanza ni vichwa, majina yanaanzia A2 hadi A17. Andikeni, mnajua kuandika. Mimi nimeweka Mchezaji 1 mpaka 16, sitaki kesi na majirani.

Sasa hapa nisikilizeni. A, B, C, D zishikane. Usiache kolamu tupu katikati. Nitarudia mpaka mnichoke: usiache kolamu tupu katikati. Mwaka juzi niliiacha moja kati ya majina na pointi, urembo tu, nikaipaka na rangi ya waridi. Mwisho wa msimu nikapanga pointi kuanzia kubwa. Excel ikikutana na kolamu tupu inachukulia jedwali limeishia hapo, kwa hiyo ilipanga pointi peke yake, majina yakabaki yamekaa palepale. Haikuuliza kitu! Nikasoma matokeo kwa sauti, nikamkabidhi kikombe mtu ambaye kila wiki alikuwa wa kwanza kutoka. Kapiga picha, kaweka status, kikombe kiko juu ya friji kwao. Kukirudisha ilibidi niende na shemeji.

Tuendelee. Pembeni, mbali na jedwali, kolamu H. Hizi ndizo tunaziweka mbali kwa makusudi. H1 andika =COUNTA(A2:A17), hiyo inahesabu majina. H2 andika =H1-COUNT(C2:C17). Hii H2 naipenda kuliko zote. Inakwambia wamebaki wangapi, na papo hapo inakwambia namba ya kumwandikia anayefuata kutoka. Wa kwanza akifilisika, H2 inasoma 16, unamwandikia 16 kwenye C. Yenyewe inashuka hadi 15. Hufikirii. Ila andika namba tupu, usiandike "wa 16", maneno haihesabu.

H3 ni wastani wa chipu: =H1*10000/H2. Kila mtu anaanza na 10,000. Na nasema chipu, siyo chipsi, za mayai mtakula wakati wa mapumziko.

Pointi sasa. Wengine wanatoa tatu, mbili, moja. Sipendi. Aliyewashinda watu wanane na aliyewashinda 24 watalinganaje? Mimi nachukua idadi ya wachezaji, nagawanya kwa nafasi, natafuta kipeuo cha pili, nazidisha kwa kumi. Mkiwa 16, wa kwanza anapata 40, wa pili 28 na ushee, wa nne 20, wa mwisho 10. Mkiwa 9, wa kwanza anapata 30. Mkiwa 25, anapata 50. Na wa mwisho siku zote ana kumi zake, ndiyo maana wiki ijayo anarudi.

Mnajua Las Vegas mwaka 1970, World Series of Poker ya kwanza, yale mashindano makubwa ya poka, pale kasino ya Binion's Horseshoe, mshindi alipatikana kwa kura? Wachezaji wenyewe walipiga kura, akapita Johnny Moss. Mwaka 1971 ndipo wakaanza ule mtindo wa kucheza mpaka abaki mmoja mwenye chipu zote, na Moss akashinda tena. Hebu pigeni kura huko kwenu muone kama mtafika asubuhi.

D2 sasa: =IF(C2="","",10*SQRT(H1/C2)). Hiyo IF ni ili asiyetoka bado awe na seli tupu. Nimejaza nafasi 1 mpaka 16 za kujaribia, navuta chini... mbona? 40, halafu sifuri, halafu hilo neno la kutisha lenye alama ya reli (#), halafu sifuri tupu. Ngoja. Ngojeni kwanza.

Ah. Dola! Nimesahau dola, mbele ya kamera. Ukivuta fomula, H1 nayo inashuka, inakuwa H2, H3, H4. Tunataka ibaki palepale. Rudi D2, weka kishale juu ya H1, bonyeza F4, iwe $H$1. Kwenye laptopu nyingi inabidi ushike na Fn. Vuta tena. 40, 28.28, 23.09, 20. Hapo sawa. H3 bado inalalamika kwa sababu hakuna aliyebaki mezani, iacheni, ukifuta zile nafasi za majaribio itatulia.

Kupanga. Bofya seli moja tu ndani ya D, kisha panga kutoka kubwa kwenda ndogo. Seli moja. Ukishika kolamu nzima itakuuliza swali: jibu la kwanza, la kupanua eneo, ndilo lako. La pili linavunja undugu. Na kolamu tupu katikati? Haipo. Angalia tena kama haipo.

Blaindi, yaani chipu za lazima ambazo watu wawili wanatanguliza kabla ya karata kugawiwa, mmoja ndogo na mmoja kubwa, weka ukurasa wa pili: 25/50, 50/100, 75/150, 100/200, 150/300, 200/400, 300/600, 400/800, 600/1200, 1000/2000, 1500/3000, 2000/4000, 3000/6000, 4000/8000. Mimi natega saa ya simu dakika 15 kwa kila ngazi, sihangaiki na saa ya Excel. Ngazi 14 ni saa tatu na nusu. Kwa nini niishie 8000? Chipu zote ni 160,000. Blaindi kubwa ikifika kama sehemu moja ya ishirini ya hizo, mchezo kwa kawaida unajimaliza.

Kila mtu mpe nane za 25, nane za 100, nne za 500, saba za 1000. Chipu 27, watu 16 ni 432, seti ya 500 inatosha kama rangi zimegawanyika vizuri. Baada ya ngazi ya tano toeni zote za 25, hazina kazi tena. Mwenye chenji isiyofika mia, mgawie karata moja kwa kila chipu iliyobaki, karata kubwa inachukua ya mia. Zikilingana, shupaza iko juu, kisha kopa, uru, mwisho pau. Na hakuna mtu anayetolewa mchezoni kwa chenji.

Wawili wakitoka mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata? Aliyeanza mkono huo na chipu nyingi anapata nafasi ya juu. Wakiwa sawa kabisa, na mmebaki kumi, waandikie wote 9.5, H2 itashuka hadi nane bila shida.

Mwisho, kwenye grupu tuma picha ya jedwali, usitume faili. Mwaka jana faili lilinirudia mtu wa 14 akiwa wa pili, na hakuna aliyeligusa, eti. Seti zipo, za kijani tu ndizo zimeisha. Nafuta hizi za majaribio, chaji imebaki asilimia nne na umeme...