Jinsi ya Kutambua Nyaya za Umeme Zilizofungwa Vibaya

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutakagua nyaya za jengo kwa macho na pua, wala hatutafungua kifuniko chochote, kwa kuwa kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Anza na soketi, chumba kwa chumba. Soketi hii, mkiitazama kwa karibu, ina weusi pembeni mwa tundu moja na plastiki yake imeanza kuwa ya kahawia. Dalili hiyo kwa kawaida huonyesha kwamba waya au plagi imelegea, na pale palipolegea hupata joto kila umeme mwingi unapopita. Ukiona hivyo, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima breka yake, yaani swichi ya kinga inayokata umeme wa sehemu hiyo, na usiitumie soketi hiyo mpaka itengenezwe.

Kisha panda darini ukiwa na tochi. Nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe, bila kisanduku cha maungio, hazikubaliki hata kama taa zinawaka. Ekstensheni iliyogeuzwa kuwa ya kudumu na kupitishwa chini ya zulia ni kosa jingine.

Sasa twende kwenye sanduku la breka, na hapa tusiharakishe. Breka inayojizima mara kwa mara huwaudhi wenye nyumba, lakini mimi huhofia zaidi ile ambayo haijizimi kamwe. Breka huwekwa kulinda waya. Waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 6 au 10. Fundi aliyechoka kuitwa akiweka ya 32, kila kitu kitafanya kazi vizuri, huku waya uliozidiwa ukiweza kuchemka ndani ya ukuta hadi ganda lake liyeyuke. Soma namba iliyoandikwa usoni mwa kila breka, kisha mwombe fundi ailinganishe na unene wa waya. Fyuzi iliyozibwa kwa kipande cha waya ni hatari ileile.

Mwisho, bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye kikata umeme unaovuja, ambacho kwa kulinda watu huwa cha miliampea 30. Kisipojizima papo hapo, kibadilishwe. Kikijizima, bado hujathibitisha kwamba waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, upo, kwa sababu kitufe hicho hufanya kazi hata pasipo ethi; ethi hupimwa kwa mita, na ni haki yako kudai vipimo hivyo kwa maandishi.