Jina la Kampuni Umenunua, Wafanyakazi Je?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Wengi mmeniandikia kuhusu franchaizi, ile biashara ya kulipia jina la kampuni kubwa na kufuata utaratibu wake. Mnauliza mtaji, mnauliza mrabaha, yaani malipo anayotoa mmiliki wa tawi kwa kampuni yenye jina. Leo tuongelee watu, maana ndiko ninakoona wamiliki wengi wanaumia.

Kampuni itakupa jina, sare na kitabu cha taratibu mpaka namna ya kupiga deki. Kuajiri ni juu yako. Na mrabaha kwa kawaida unakatwa kwenye mauzo, uwe umepata faida au hujapata, kwa hiyo mmiliki akibanwa anakimbilia kupunguza saa za wafanyakazi. Hapo ndipo watu wanaanza kuondoka.

Nilipokuwa nafanya kazi kwenye duka la franchaizi, ratiba ya wiki ilibandikwa Jumapili usiku. Dada mmoja anafunga duka saa 6 usiku, halafu saa 11 alfajiri yeye huyo huyo ndiye anafungua. Toa muda wa basi, uone amelala saa ngapi! Alizijua mashine zote, wateja walimwita kwa jina. Siku moja hakuja tena. Nafasi yake akawekwa kijana mgeni, peke yake kaunta, foleni imefika mlangoni. Naye hakumaliza wiki.

Kuna kampuni zilitafuta njia ya mkato ya kuzuia watu wasiondoke. Huku Marekani, wachumi Alan Krueger na Orley Ashenfelter walipitia mikataba ya kampuni kubwa 156 za franchaizi, wakakuta asilimia 58 ina kifungu cha kuwazuia wamiliki wa matawi kuchukuliana wafanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe hakusaini popote, lakini mlango umeshafungwa. Hiyo ni dhuluma. McDonald's walikiondoa mwaka 2017, na kuanzia 2018 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington alizibana kampuni nyingine nyingi zikakifuta.

Mimi naamini mtu anabaki akijua mapema zamu zake, na akiwa mgeni akikabidhiwa kwa mzoefu mmoja wa kumwelekeza. Usimamizi nao wapewe waliomo humo ndani.

Ukinunua franchaizi huku, sheria inataka upewe waraka wa maelezo siku 14 kabla ya kusaini, na ndani yake kuna mawasiliano ya wamiliki waliopo. Wapigie. Usiishie kuuliza faida. Muulize kila mmoja, kati ya aliowaajiri mwaka jana, wangapi bado anao, na walioondoka waliondokea nini.