Alama 50 Hazitoshi Kumpa Mtu Sindano

Hamjambo nyote. Wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokuja moja kwa moja kutoka darasani, asanteni kwa kufika. Nimeombwa niwaeleze watu wa Kisumu jinsi famakolojia, yaani elimu ya dawa, inavyofundishwa na kusahihishwa katika shule za udaktari. Naomba nianze na kosa langu.

Nilikuwa daktari mwanagenzi, zamu ya usiku. Siku zile malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Akaletwa mtoto wa kilo 9, amezimia, mwili unachoma. Dozi ya kwanza ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo, nikapata 180. Hapo sikukosea. Dawa yenyewe ilikuwa na miligramu 300 katika kila mililita, basi nilipaswa kuandika mililita 0.6. Nikaandika 6.

Sista wa zamu, mama mtu mzima, aliisoma ile karatasi akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kwa upole, "Daktari, vichupa vitatu kwa mtoto huyu?" Kila kichupa kilikuwa na mililita 2. Swali lake lilitosha kuniamsha. Kwinini ikizidi hushusha sukari ya damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na yule mtoto asingeihimili. Alipona, na aliyemponya ni sista.

Na somo la dawa nilikuwa nimelipita vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa tuingie darasani. Udaktari hapa Kenya ni miaka 6, na famakolojia huja mapema, mwanafunzi akishajua moyo, ini na figo hufanyaje kazi. Tunaanza na maswali mawili: mwili unaifanyia nini dawa, na dawa inaufanyia nini mwili. La kwanza ndilo wanafunzi hulidharau, nami ndilo ninalolipenda. Chukua dawa ya malaria tunayomeza siku hizi, ile ya vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa mtu mzima, siku 3. Mojawapo ya dawa mbili zilizomo haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mama wa Nyalenda akimeza na chai ya rangi tu, sehemu kubwa ya dawa inapita bure. Akimeza na maziwa, au baada ya omena wa kukaanga, inaingia. Au chukua rifampisini ya kifua kikuu. Inalichochea ini livunje dawa nyingine haraka, vikiwemo vidonge vya kupanga uzazi. Mwanamke anaweza kushika mimba na hajasahau kidonge hata kimoja. Mwanafunzi aliyeelewa ini atalijua jambo hili hata kama hakulikariri. Aliyekariri orodha ya majina atalisahau wiki moja baada ya mtihani.

Baada ya hapo ni dawa za moyo, za mishipa ya fahamu, viuavijasumu, ganzi. Ni nyingi, sitawachosha nazo.

Niseme kuhusu alama. Kuna majaribio ya muhula, halafu mtihani wa mwisho: maswali ya kuchagua jibu, ya kueleza kwa ufupi, insha, na pengine mahojiano ya ana kwa ana. Kila kitu kinajumlishwa, na alama ya kupita ni 50. Tatizo langu liko katika neno hilo, kinajumlishwa. Tuseme hesabu za dozi zina alama 10 kati ya 100. Mwanafunzi anaweza kupata sifuri hapo, akazoa 61 kwingineko, akapita. Wazazi, mtoto wenu amefaulu, mtamchinjia kuku, na hajui kupima dawa. Insha nzuri haifidii dozi mbaya. Mgonjwa hajumlishiwi.

Ndiyo maana darasani kwangu hesabu za dozi zina karatasi yake, na kupita ni kupata zote. Ukikosa moja unarudi wiki ijayo na maswali mapya, hata mara tano. Kikokotoo ruhusa, simu ruhusa, maana wodini utakuwa nazo. Ila kabla ya kubonyeza chochote unaandika makadirio yako: je, itakuwa tone, nusu kichupa, au vichupa vitatu? Nimemwibia sista swali lake nikaliweka kwenye mtihani.

Wanafunzi hulalamika. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nukta moja inanizuia kuendelea?" Nilimjibu ndiyo, na nikakaa naye hadi jioni. Sikumfokea, kwa sababu nukta hiyo nilishaikosea mimi.

Kuna jambo jingine ninalolipa alama, na wenzangu wengine hawakubaliani nami. Mwanafunzi akiandika, "Dozi hii siikumbuki, nitaiangalia katika mwongozo wa taifa kabla ya kuandika," anapata alama. Anayebahatisha hapati kitu. Tukimzoesha mtu miaka 6 kwamba kubahatisha kuna faida, tusishangae akibahatisha wodini.

Tumalizie ubaoni, na wazazi mshiriki, ni hesabu ya shule ya msingi. Kwinini imepisha artesuneti katika malaria kali. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kichupa kina miligramu 60. Cha kudunga mshipani kinachanganywa hadi mililita moja iwe na miligramu 10. Cha msulini, miligramu 20. Ukichanganya cha msulini ukavuta kiasi cha mshipani, umeongeza dozi maradufu. Basi, mtoto wa kilo 14, sindano ya mshipani: tuvute mililita ngapi? Kadirieni kwanza. Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama.