Foliki inaanza kabla ya mistari miwili

Haya jamani, wale wa nyuma mnanisikia? Sawa. Mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya wajawazito miaka mingi, na leo sina slaidi wala nini, nina hesabu moja ya siku tuifanye pamoja, ya foliki, ile vitamini inayosaidia ubongo na mgongo wa mtoto kujijenga vizuri, mengine yatajileta yenyewe.

Ukija kliniki tunakuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, tunaanzia kuhesabu hapo. Sasa zile wiki mbili za mwanzo mimba haipo kabisa, yai lenyewe halijatoka. Kwahiyo tukikwambia una wiki 6, mtoto ana wiki 4 tu. Na ndani ya hizo 4, mgongoni kwake kuna kitu kama utepe, unajikunja, kingo zinakutana, unakuwa mrija, na huo mrija ndo ubongo na uti wa mgongo baadaye. Unafunga kwenye siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Usipofunga kwa chini mtoto anazaliwa na mgongo wazi, usipofunga kwa juu fuvu na ubongo havikamiliki, na huyo haishi.

Haya, hedhi unaanza kuisubiri lini? Kama siku 14 baada ya mimba kutungwa. Yani siku unayojiuliza mbona sijaona siku zangu, mrija umebakiza wiki mbili. Ukakaa wiki nzima unajipa moyo ni uchovu, ukanunua kipimo, mistari miwili, ukasema ngoja nisimwambie mtu kwanza, ukaja kwetu mwezi wa tatu, nakupa foliki na unapokea vizuri na asante juu, lakini kazi ile kubwa ya foliki ilishaisha zamani. Sio kwamba ni ya bure, damu bado inaihitaji, ila kwa mgongo tumechelewa wote wawili, mimi na we.

Ndo maana tunasema mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba mpaka wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayemeza baadhi ya dawa za kifafa, au mwenye kisukari, huyo dozi yake inaweza kuwa kubwa zaidi, miligramu 4 au 5, na anaiandika daktari, usiende kumeza multivitamini kumi ili ifike. Hili sio maneno ya vijiweni, mwaka 1991 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa nchi kadhaa, kina mama ambao tayari walishapata mtoto wa hivyo, waliopewa miligramu 4 tatizo likapungua kwa asilimia 72. Marekani wao tangu 1998 wanalazimisha foliki iwekwe kwenye unga, kwasababu waliona mimba nyingi hazipangwi, utamwambiaje mtu ajiandae na kitu asichokijua?

Chakula je? Foliki ipo, mboga za majani, maharage, machungwa, mayai kidogo. Ila inayeyuka kwenye maji na haipendi moto mrefu, sasa mtu anachemsha mboga mpaka imebadilika rangi halafu maji anamwaga, foliki imeenda na maji. Pika haraka, maji kidogo. Hata hivyo kidonge bado kinahitajika, chakula peke yake mara nyingi hakifikishi kiwango kwa wakati.

Na ile ya kula kwa ajili ya watu wawili, jamani. Wiki ya 12 mtoto ana sentimita 5 au 6 tu, huyo anakula sahani ya nani? Miezi 3 ya kwanza huhitaji nyongeza ya maana ya chakula, inakuja baadaye. Unayetapika ndo kabisa usijilaumu, kula kidogo kidogo, kitu kikavu kabla hujatoka kitandani, tangawizi inasaidia wengine. Ila maji nayo yakikataa kukaa, mkojo ukawa mchache na rangi nzito, hapo hospitali, sio tangawizi.

Madini ya chuma, miligramu 30 mpaka 60 kwa siku. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Usimezee na chai, wala kahawa, zinazuia chuma kuingia mwilini, acha saa moja au mbili zipite. Chungwa linasaidia. Kikikuchefua asubuhi, meza usiku baada ya kula. Chumvi iwe yenye madini joto.

Sasa hii naomba msikilize. Kuna dada alinimwagia mkoba mezani, chupa tatu. Moja multivitamini ya kawaida, moja ya nywele na kucha, moja mafuta ya ini la samaki. Tukachukua kalamu tukasoma nyuma, vitamini A aina ya retino, yuniti 5,000, 5,000 tena, na kijiko cha mafuta 4,500. Jumla 14,500, wakati mjamzito anashauriwa asipite 10,000 kwa siku, kwasababu retino ikizidi mapema inaweza kumharibu mtoto maumbile. Ndo maana hata maini tunasema yapumzike kwanza. Ile ya kwenye karoti haina shida hiyo. Kilichoniuma zaidi, kwenye chupa zote tatu foliki ilikuwa ndani ya moja tu, tena nusu ya inayotakiwa. Alikuwa anatumia hela na anajitahidi kweli, sikumgombeza.

Maswali? Baba pale, sema. Mkeo ana wiki 9 na hajawahi kumeza, ameharibu? Hapana, usiende kumtisha. Kwa walio wengi mrija unafunga vizuri hata bila kidonge, sisi tunawatafuta wale wachache. Aanze leo, amalize wiki 12, kuanzia wiki ya 18 mpaka 20 apigwe utrasaundi na mwambieni anayepima auangalie mgongo kwa makini. Wa pili mkimtaka, foliki ianze mwezi mmoja kabla hamjaacha uzazi wa mpango, na we ndo umkumbushe.