Miksa ya Kukodi, Templeti ya Kwetu

ZUHURA: Haya, wapenzi wasikilizaji, tunaongea nanyi kutoka Ngamiani, Tanga. Mimi Zuhura wa kinanda, na mwenzangu ni fundi mitambo. Kaka Kombo, shikamoo.

KOMBO: Marahaba, mdogo wangu. Umekuja mapema leo, kama mtu anayedai.

ZUHURA: Nadai kweli. Kila tukipata shughuli unatutumia karatasi ileile. Harusi, karatasi. Shoo ya Tangamano, karatasi. Wanamuziki wanauliza, huyu anasikiliza tunachopiga au anapanga tu?

KOMBO: Ile ndiyo templeti, bibie. Orodha ya chaneli, yaani kila chombo kinapita njia gani, na ramani ya jukwaa, basi. Chaneli ya kwanza dramu kubwa, ya pili sinea, ile dramu ndogo ya mlio mkali, zinafuata ngoma zilizobaki, kisha besi, magitaa, kinanda, na sauti mwishoni. Kinanda chako ni 11 na 12, kushoto na kulia. Hata siku ngoma za bongo hazikuja, chaneli zake zinakaa wazi. Huhami.

ZUHURA: Na nafasi ipo! Kwa nini nisisogee?

KOMBO: Kwa sababu waya ukileta fujo katikati ya wimbo sitaki kuanza kutafuta. Mkono uwe umeshajua unakwenda wapi. Na yule kijana anayevuta nyaya anaanza kazi kabla sijashuka kwenye bodaboda, hana haja ya kunipigia simu.

ZUHURA: Sawa. Ila miksa, zile meza za kuchanganya sauti, tunazikodi. Leo hii, kesho ile. Templeti yako unaihifadhi wapi?

KOMBO: Hapo ndipo watu wanapochanganya. Kuna templeti ya miksa, lile faili unalotia kwenye flashi, na kuna templeti ya kazi, ile karatasi. Faili la Behringer X32 ukilipeleka kwenye meza ya Yamaha halisomeki. Hata XR18, ya kampuni hiyohiyo, haitalipokea. Kwa hiyo kama maandalizi yako yote yamo kwenye flashi, mwenye vyombo akibadili miksa jioni umebaki mikono mitupu. Karatasi haibagui miksa.

ZUHURA: Ina maana faili halina kazi?

KOMBO: Lina kazi kubwa likikuta miksa yake. X32 ina programu ya kompyuta, unakaa nyumbani unaandika majina ya chaneli, unaweka rangi, unakata mvumo wa chini kwenye maiki za sauti, tuseme pale hezi 100, unapanga monita, spika ya mwanamuziki kujisikia, ya nani ipite wapi. Ukifika ukumbini unapakia. Ila lihifadhi chaneli zote zikiwa zimezimwa na vitelezi vipo chini. Ukipakia faili lenye maiki zilizo wazi huku spika zinawaka, mlio utakaotoka utawakimbiza wapishi. Na angalia ule umeme wa volti 48 wa maiki, faili linaweza kuuwasha au kuuzima bila wewe kujua.

ZUHURA: Mbona basi saundi cheki inarudiwa kila mara, kama mambo yameshahifadhiwa?

KOMBO: Gaini, kile kipimo cha kukuza sauti ya maiki inapoingia, haihifadhiki kwa maana ya kuiamini. Mwimbaji wa leo anaikumbatia maiki, wa jana alisimama mbali. Ukumbi una mwangwi, Tangamano ni uwanja wazi na upepo wa bahari unaingia kwenye maiki, lazima uvalishe sponji. Templeti inakufikisha mapema kwenye kusikiliza. Kusikiliza kwenyewe hakuna faili.

ZUHURA: Umesema vizuri, maana sasa nakuja kwenye ugomvi wangu. Midundo ya kompyuta. Vijana wanataka kila wimbo uwe umepangwa tayari kwenye laptopu, mlio wa kuhesabu upite kushoto uende sikioni kwa mpiga dramu, muziki upite kulia uende kwenye spika.

KOMBO: Ujanja mzuri huo kwa bendi isiyo na vifaa vingi. Waya mmoja tu unagawanywa. Hasara yake muziki unakuwa mono, sauti ileile kushoto na kulia, na kwenye harusi hakuna atakayelalamika.

ZUHURA: Silalamikii mono! Nalalamikia kutuza. Wimbo umepangwa dakika sita. Dakika ya tano shangazi wa bibi harusi anainuka na noti, nyuma yake mstari wa kina mama, kila mmoja anataka ubeti ule uliomgusa uimbwe akiwa mbele ya jukwaa. Kompyuta inajua hilo? Inafika mwisho, inanyamaza, mama bado ameshika elfu kumi hewani. Taarabu ya huku urefu wake unaamuliwa na watu walioketi.

KOMBO: Kwa hiyo mnapigaje?

ZUHURA: Kila wimbo tunaukata vipande: mwanzo, ubeti, kiitikio, kituzo, mwisho. Kituzo ni mizunguko minane inayojirudia mpaka mtu akanyage pedali kutoka. Templeti ya wimbo mpya inakuja tayari na vipande hivyo vitano, sisi tunajaza tu. Na anayekanyaga pedali ni mimi, kwa sababu naona uso wa mwimbaji.

KOMBO: Hilo naliingiza kwenye ramani yangu ya jukwaa. Na monita za mbele nitazisogeza pembeni, wanaotuza wapite bila kujikwaa.

ZUHURA: Ulikuwa unazikanyagisha kila siku.

KOMBO: Tuendelee. Unajua bendi ya Black Star ya hapa Tanga ilivuma kwa kuingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu. Unguja, Ikhwani Safaa ya tangu 1905, kuna fidla, ganuni, udi. Kikija kikundi cha namna hiyo templeti yangu ya Tanga siitumii. Besi yetu na kinanda vinaingia kwa kisanduku cha DI, kinachopeleka waya wa chombo kwenye miksa bila maiki, mambo yameisha. Ganuni inataka maiki nyepesi inayodaka sauti ndogo, na hiyo ndiyo inayohitaji zile volti 48. Ukiongeza monita kidogo tu, inalia.

ZUHURA: Kwa hiyo una templeti ngapi?

KOMBO: Ya bendi yetu ukumbini, ya bendi yetu uwanjani, na ya taarabu asilia. Zaidi ya hapo ni kujitafutia mkanganyiko.

ZUHURA: Kwenye orodha ya nyimbo mimi naongeza ufunguo wa kila mwimbaji. Wimbo mmoja, waimbaji wawili, funguo mbili.

KOMBO: Andika na tarehe juu kabisa. Ile uliyonitumia juzi faili linaitwa "mpya".

ZUHURA: Ile ya zamani. Inayotumika inaitwa "mpya kabisa".

KOMBO: Na hii ya leo asubuhi, "mpya kabisa hii ndiyo"?

ZUHURA: Hiyo usiifungue, haijakamilika.