Bustani ya majira ya baridi: anza kuhesabu mwanga

Habari zenu wapendwa wa nyumbani, karibuni bustanini. Leo tunaingia msimu wa majani kupukutika, na swali linalorudi kila mwaka ni hili: mboga zinaishije kwenye baridi kali? Baridi ni sehemu tu ya habari. Kinachowashinda wengi wanaoanza kulima huku kaskazini, mbali na ikweta, ni mwanga.

Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mkulima macho yake yako kwenye mvua. Huku mchana unapungua wiki hadi wiki. Ukishuka chini ya saa 10, mboga nyingi za majani karibu zinaacha kukua, hata kama hazijagandishwa. Kwenye latitudo ya 52 kaskazini, kipindi hicho huanza mwishoni mwa Oktoba hadi kama katikati ya Februari. Kwenye latitudo ya 40 ni kifupi: karibu tarehe 16 Novemba hadi 25 Januari. Kwa hiyo bustani ya majira ya baridi ni ghala la mboga zilizokwisha kukua. Unachuma kidogo kidogo, hutarajii ziongezeke.

Hesabu yake si ngumu. Chukua tarehe ambayo mchana unashuka chini ya saa 10, rudi nyuma siku za mbegu kukomaa, kisha rudi nyuma wiki 2 zaidi kwa sababu ukuaji unapoa mapema. Sukuma wiki ya siku 60, kwenye latitudo ya 52, mbegu iwe imeingia udongoni katikati ya Agosti. Ukisia mbegu Oktoba utapata miche ya vidole viwili itakayokaa hivyo hivyo hadi Februari, na konokono wataimaliza.

Sasa kitunguu saumu, maana hiki kinaihitaji baridi yenyewe. Bila wiki 6 hadi 8 za baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mara nyingi punje hazigawanyiki. Unavuna donge moja la mviringo. Panda Oktoba au Novemba, kabla ardhi haijaganda.

Hebu tazameni punje hii kwa karibu. Huku chini kuna kitako kigumu kama sarafu ndogo. Mizizi inatoka hapo. Kitako kikibanduka, punje inaoza. Ndiyo maana tunabomoa kichwa siku ya kupanda, si wiki moja kabla. Chagua punje kubwa za nje, ndogo zipeleke jikoni. Ncha juu, kitako chini, udongo wa sentimita 5 juu yake, nafasi ya sentimita 15 kati ya punje na 30 kati ya mistari. Kama udongo wenu ni mfinyanzi unaotuamisha maji, inueni tuta la sentimita 15, kwa sababu kinachoua kitunguu saumu msimu huu ni maji yaliyosimama kuliko baridi.

Baada ya usiku wa kuganda, mtakuta punje zimesukumwa juu. Maji ya udongoni yakiganda yanavuta maji mengine kutoka chini, barafu inakua na kuinua kila kilicho juu yake. Usiivute. Ibonyeze irudi taratibu kwa kidole, udongo ukishayeyuka. Kulizuia hilo, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini baada ya udongo kupoa kabisa. Matandazo yakiwekwa mapema, ardhi inabaki na joto, na panya wanahamia humo.

Kufunika mboga kuna kosa moja kubwa: kitambaa kulalia majani. Pale kinapogusa, unyevu unaganda na jani linaungua. Pinda mabomba membamba yawe matao, kisha tandika kitambaa chepesi cha bustani juu yake na kuzika kingo. Kitambaa cha gramu 17 kwa mita ya mraba kinakinga kama nyuzi 2 tu, kwa hiyo usikitegemee kwenye usiku wa hasi 8. Plastiki inazuia upepo vizuri, lakini jua likitoka joto linapanda haraka na majani yanatota jasho. Fungua ncha zote mbili asubuhi, funga kabla jua halijazama. Usipofanya hivyo, ukungu wa kijivu, kuvu wa kuozesha majani, utafika kabla ya theluji.

Sukuma wiki iliyolala chini asubuhi yenye jalidi haijafa. Inaongeza sukari kwenye seli zake ili isigande kwa urahisi, na ndiyo sababu inakuwa tamu baada ya baridi. Ila usiichume ikiwa imeganda: ukiikamata, seli zinapasuka na jani linageuka jeusi. Subirini hadi mchana.

Na mwagilieni! Wengi wanaacha kabisa. Udongo ukiganda mizizi hainywi, huku upepo mkavu ukiendelea kunyonya majani, na mmea unakufa kwa kiu katikati ya barafu. Maji yawekwe asubuhi, siku moja kabla ya baridi kali kutabiriwa. Baada ya hapo toa maji yote kwenye mpira, funga koki ya ndani na uache ya nje wazi, la sivyo bomba litapasuka.

Mchana ukirudi juu ya saa 10, sukuma wiki itatoa majani mapya. Hapo ndipo pa kuongeza mboji, sentimita 2 au 3 juu ya tuta. Jembe lisiguse udongo bado. Fumba konzi ya udongo, ibonyeze kwa kidole gumba: ikiachia vipande, lima, ikibonyea kama unga uliokandwa, subirini wiki nyingine.