Sukari ya Miezi Mitatu na Umri wa Chembe ya Damu

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie kipimo ambacho wengi wenu mnakiita "sukari ya miezi mitatu". Kwenye karatasi ya maabara kimeandikwa HbA1c. Kuna jambo moja linalowachanganya wagonjwa kila siku: mtu anaamka hajala kitu, anajipima kidoleni, sukari iko vizuri kabisa. Majibu ya HbA1c yakija, yako juu. Anadhani mashine mojawapo ni mbovu. Huenda zote mbili zimesema kweli, ila zimeulizwa maswali mawili tofauti.

Kipimo cha kidoleni kinasoma glukosi iliyomo kwenye damu dakika ile. HbA1c inasoma alama ambazo glukosi imeziacha ilipopita. Glukosi hujishikiza kwenye protini yenyewe, bila kuhitaji kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini. Kwenye hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, hupenda kushika mwanzo wa mnyororo wa beta, mmojawapo wa minyororo inayoiunda, penye asidi amino iitwayo valini. Mwanzoni mshiko huwa legelege na glukosi inaweza kuachia. Baadaye atomi hujipanga upya, na kuanzia hapo haibanduki mpaka chembe nyekundu yenyewe ife. Chembe hiyo huishi siku 120 hivi. Ndiko ilikotoka hiyo miezi mitatu.

Hemoglobini ya aina hii ilitenganishwa maabara mwaka 1958 na Huisman na Meyering, lakini haikuhusishwa na kisukari. Miaka kumi baadaye, jijini Tehran, Samuel Rahbar alikuwa akichunguza hemoglobini zenye kasoro, akaiona hemoglobini hii kwa wagonjwa wa kisukari, ingawa hakuwa anaitafuta. Mwaka 1976 Koenig, Cerami na wenzao wakaonyesha kwamba kiwango chake hupanda na kushuka kufuatana na sukari ya mgonjwa. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1993, katika utafiti wa Marekani na Kanada uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi moja lilishusha HbA1c hadi karibu asilimia 7, jingine likabaki karibu na 9. Kwa wale walioanza na macho mazima, hatari ya kuharibika kwa retina, utando wa nyuma ya jicho, ilipungua kwa asilimia 76 katika kundi la kwanza. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linakubali asilimia 6.5 na kuendelea itumike kutambua ugonjwa.

Sasa, hilo jina la miezi mitatu lina hila yake. Takribani nusu ya namba mnayosomewa inatokana na mwezi wa mwisho. Kwa hiyo anayejinyima wiki chache kabla ya kliniki anaweza kuisogeza kidogo. Naona wauguzi mnacheka, mnawajua.

Kubwa kwangu leo ni hili: namba hii inaandikwa na wawili, sukari na umri wa chembe nyekundu. Mashine inaripoti kana kwamba sukari iko peke yake. Mwenye selimundu, chembe zake hufa mapema. Hazikukaa kwenye damu muda wa kutosha kushikwa na glukosi, basi majibu yanashuka hata kama sukari iko juu. Aliyetoka damu nyingi ana chembe changa, naye atasomeka chini. Mwenye upungufu wa madini ya chuma mara nyingi husomeka juu kuliko hali halisi. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, nao hushusha. Kwa wanaume wenye aina moja ya upungufu huo wa kurithi, inayoonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, tofauti ni takribani pointi 0.8 za asilimia. Hiyo inatosha kumrudisha mgonjwa nyumbani akiambiwa ni mzima. Mimi naamini kila anayeandika majibu haya aangalie na wingi wa damu wa mgonjwa huyo, na namba zisipopatana na vipimo vya kidoleni, asilazimishe.

Njia mbadala ipo: kupima albumini, protini iliyomo kwenye majimaji ya damu. Nayo hushikwa na glukosi vilevile, lakini nusu yake hubadilishwa kwa siku 20 hivi, kwa hiyo inasimulia wiki mbili au tatu tu na haijali maisha ya chembe nyekundu. Ila figo zikivuja protini, nayo inapotosha.

Na msichanganye haya na sukari ambazo ini huzipachika kwenye protini kwa makusudi, kwa kutumia vimeng'enya. Minyororo hiyo ya sukari hubadilika mwili ukiwa na mchochota (inflamesheni) wa muda mrefu, na watafiti wameihusisha na hatari ya kupata kisukari baadaye. Bado si kipimo cha kumwagiza mgonjwa kliniki.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu wajawazito. Swali zuri. Wakati wa ujauzito chembe nyekundu huishi muda mfupi zaidi, HbA1c hushuka yenyewe, na sukari inaweza kupanda ndani ya wiki chache kabla namba haijaonyesha. Ndiyo maana kisukari cha mimba hutafutwa kwa kunywa maji ya glukosi na kupimwa damu baada ya saa moja na saa mbili. Ndiyo mama, hata kama HbA1c ya mwanzo ilikuwa nzuri.